Deni Kabla ya Mirathi

Kuna nyumba Shangani, Unguja, ambayo mapapasi hawaipiti bila kusimama. "Hii ndiyo nyumba ya Tippu Tip," huwaambia wageni, na wageni hunyanyua simu zao kuupiga picha mlango. Mlango wenyewe unastahili: mbao nzito zilizonakshiwa, na mbele yake ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe zilizopangwa mfano wa ubao wa drafti. Picha ikishapigwa, safari inaendelea. Juu dirishani kanga zinakauka, maana ndani wanaishi watu, na hao si kizazi cha mwenye nyumba.

Mimi pia nimesimama pale mara nyingi. Kinachonisumbua kila mara ni neno moja tunalolitumia kwa wepesi mno, neno "urithi". Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo kila ukuta unaobomoka tunaulilia kwa neno hilo. Sawa, tuulilie. Lakini neno hilo halikuanza kwenye ofisi za utalii. Limetoka kwenye mirathi, na mirathi ina utaratibu wake ambao watu wa pwani wanaujua hata kama hawajasoma sheria. Mtu akifa hakigawiwi kitu kwanza. Inatolewa gharama ya maziko, halafu yanalipwa madeni, halafu unatazamwa wasia, na kile kinachobaki ndicho warithi wanagawana. Anayekimbilia fungu lake kabla wadai hawajasikilizwa anakula mali ya watu.

Basi tuulize madeni ya nyumba hii.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, alizaliwa Unguja kwenye miaka ya 1830 na akafia huko huko mwaka 1905. Kati ya tarehe hizo alipita Tabora, akavuka Ziwa Tanganyika, akajenga himaya ya biashara Manyema, na mwaka 1887 akakubali kuwa liwali wa Stanley Falls chini ya dola ya Leopold wa Ubelgiji. Habari zake alizieleza mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu kinachosomeka kwa raha, jambo ambalo nakiri linanitia haya kidogo, kwa sababu msimulizi ni hodari na unajikuta unamshabikia kabla hujakumbuka anafanya nini.

Deni lake la kwanza lilikuwa deni hasa, la daftari. Msafara wa bara haukuanza kwa bunduki, ulianza kwa mkopo. Mfanyabiashara alichukua vitambaa, ushanga na masango kwa matajiri wa Kihindi mjini, akaahidi kulipa kwa pembe za ndovu akirudi, na kurudi kwenyewe kulichukua miaka. Tippu Tip alikopeshwa na Tharia Topan, Muismailia aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Unguja. Topan naye ameacha jengo: ile dispensari ya zamani ya Mizingani yenye roshani za mbao, iliyoanzwa 1887 na kukamilika 1894, yeye akiwa ameshafariki. Ukiitazama ile dispensari halafu ukaja Shangani, umeuona mkopeshaji na mkopaji. Deni hilo lilikuwa na mwenye kulidai, na lilikuwa na hesabu yake.

Deni la pili halikuandikwa popote. Pembe zilipimwa kwa frasila, kama kilo 16 kila moja, na zilitoka Kasongo hadi pwani, zaidi ya kilomita 1,000, juu ya mabega ya watu. Wengine walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi wenye ujira wao. Wengine walitekwa vijijini kwao, wakafanywa watumwa. Yasimuliwa kwamba kufikia miaka ya 1890 mzee huyu alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Hata ikiwa hesabu imetiwa chumvi, ipunguze nusu, kisha uanze kutafuta majina yao. Jina la mkopeshaji tunalo. La mkopaji tunalo, limo hata kwenye ramani za watalii. Ya wale waliobeba hatunayo.

Wapo watakaosema: kama ni hivyo, iache ianguke. Siwezi kukubaliana nao. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Vitu hivi havidumu bila mkono wa mtu. Maji yakipenya darini boriti inaoza, na fundi asiyejua akiziba nyufa kwa saruji, unyevu unabaki ukutani na kuula kwa ndani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu, na hilo lilikuwa jengo la sultani, lenye mafundi kazini. Nyumba ya mfanyabiashara haihitaji adui ili ianguke, kusahauliwa kunatosha. Na ikianguka inaanguka na ushahidi wake. Mdaiwa aliyechomewa daftari ndiye anayefurahi.

Wala sitaki ipakwe rangi, iwekwe mito ya hariri na kugeuzwa hoteli ambamo mgeni analala kwa raha katika "chumba cha Tippu Tip". Huko ni kugawana mirathi mchana kweupe, wadai wamekaa nje barazani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za matajiri wa Mji Mkongwe, hii ikiwemo, zilitaifishwa, na familia za kawaida zikapata pa kuishi. Watu wa hifadhi huwalaumu wapangaji hao kwa kuta zilizochakaa na mabati yaliyobandikwa ovyo. Mimi nawaona kwa jicho jingine. Sebule iliyojengwa kwa pembe leo inapikiwa muhogo na watu wasiomiliki msafara wowote. Katika yote yaliyowahi kufanyiwa nyumba hii, hilo ndilo lililokaribia zaidi kulipa.

Ukienda Unguja, ipite. Utazame mlango, upige na picha ukitaka. Kisha usiishie hapo: nenda kwa miguu hadi Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kutoka kwenye ngazi zile za marumaru hadi pale ni mwendo usiozidi nusu saa.