Rudi Nyuma Hatua Mbili

Maandiko: 1 Samweli 25:1-39, 1 Samweli 30:1-19

Haya ndiyo niliyohubiri, nimeyafupisha kidogo.

Mimi si mchezaji wa gofu. Nilipokuwa mdogo uwanja wa gofu tuliuona tukiwa ndani ya matatu, tukipita kando ya ua. Lakini mwezi wa nne mzee mmoja wa kanisa alinialika. Akaniambia, "Pasta, wewe hutacheza. Tembea tu na mimi, tuongee." Nikaenda.

Kwenye shimo la tatu mzee alisimama kando ya mpira. Akapanga miguu, akatazama bendera kule mbali, akashusha macho. Fimbo ikapanda. Ilipoanza tu kushuka, simu ya mtu ikalia nyuma yake. Kusema ukweli, ilikuwa yangu.

Mzee hakupiga. Aliizuia fimbo ikiwa njiani. Hakugeuka kunitazama vibaya, hakusema neno. Alirudi nyuma hatua mbili, akavuta pumzi, akapangusa viganja kwenye suruali. Halafu akaenda tena nyuma ya mpira, akatazama bendera, akaanza yote upya, kama mtu ambaye ndio anafika. Alipopiga, mpira ulienda moja kwa moja.

Mimi nilikuwa naona haya. Nikamuuliza kedi, kijana aliyembebea mzee begi, kwa sauti ya chini, "Sasa ile ya kwanza imehesabiwa?"

"Hapana, pasta. Amejizuia kabla ya kugusa mpira. Hiyo si pigo."

"Na wale wanaongoja nyuma yetu? Haoni aibu?"

Kijana akacheka. "Pasta, mpira haukimbii. Lakini ukipiga na akili yako iko kwingine, ndio utautafuta kwa msitu."

Nilipofika nyumbani nikasoma kanuni. Ni kweli. Mchezaji akiamua kusimamisha fimbo kabla haijafika kwenye mpira, kanuni za gofu zinasema hajapiga. Tiger Woods mwenyewe, aliyeshinda mashindano makubwa 15, anajulikana kwa jambo hilo: kamera ikilia wakati fimbo inashuka, ameweza kuizuia katikati ya hewa, akarudi nyuma, akaanza tena.

Ile simu ilikuwa ya mama mdogo. Nitairudia.

Daudi akiwa na upanga mkononi

Twende kwenye Neno. Daudi yuko nyikani na watu wake. Kuna tajiri wa Maoni, Nabali, mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, anakata manyoya ya kondoo kule Karmeli. Watu wa Daudi walikuwa wamewalinda wachungaji wake, hakuna kilichopotea. Daudi anatuma vijana kumi kwa heshima kuomba chochote kilichoko. Nabali anamtukana. Anauliza Daudi ni nani, anamlinganisha na watumwa waliotoroka mabwana zao.

Daudi anawaambia watu wake wajifunge panga. Watu 400 wanashuka pamoja naye. Njiani anaapa kwamba kufikia asubuhi hatabaki mwanamume hata mmoja katika nyumba ya Nabali. Fimbo imeshapanda, na sasa inashuka.

Hapo Mungu anamtuma mwanamke. Abigaili anakuja na punda waliobeba mikate 200, mvinyo, kondoo watano waliotayarishwa, zabibu na tini. Anainama chini na kumsihi Daudi: Mungu atakupa ufalme, na siku hiyo itakapofika usiwe na damu ya bure ya kukusumbua rohoni. Na Daudi, akiwa na panga 400 nyuma yake, anasimama. Anamshukuru Mungu, anamshukuru Abigaili. Anarudi.

Kanisa, tuko pamoja? Kuna mambo manne nataka tuyaone.

1. Tambua kelele

Nabali alikosea kweli. Tusi lilikuwa tusi. Simu yangu nayo ililia kweli, mzee hakuota. Kusikia kelele si dhambi. Shida ni kupiga wakati kelele bado iko kichwani. Mithali 19:2 inatuonya kuhusu mtu anayeharakisha miguu: anapotea njia. Jiulize, hivi ninavyotaka kusema au kufanya, ni mimi nimeamua, ama ni ile kelele imeamua? Njaa ina kelele. Deni lina kelele. Uchovu wa saa nne usiku una kelele sana.

2. Usifungwe na ulichokwisha kuanza

Nilisomea biashara chuoni. Tulifundishwa jambo moja ambalo wafanyabiashara wengi hulijua wakiwa wamechelewa: pesa ambayo imeshaenda na haitarudi isikuamulie hatua inayofuata. Mtu ameweka laki mbili kwa duka linalokufa, anaongeza laki nyingine kwa sababu tu ya zile mbili. Anaogopa watu watasema ameshindwa.

Ndivyo tunavyofanya hata kwa hasira. Nimeshasema nitamshtaki, kwa hivyo lazima nimshtaki. Nimeshawaambia wenzangu kazini nitaacha kazi, kwa hivyo lazima niache. Daudi alikuwa ameapa. Watu 400 walikuwa wamemsikia, na wamejifunga panga. Angeweza kusema, "Nitawaambia nini hawa?" Lakini aliona ni afadhali aibu ya dakika moja mbele ya jeshi kuliko damu ya nyumba nzima maisha yake yote. Mwambie jirani yako: rudi nyuma! Haujahesabiwa bado.

3. Anza upya mbele za Mungu

Mzee hakuendelea pale alipokatizwa. Alirudi mwanzo, akatazama bendera tena. Mtu anaweza kunyamaza mdomo na bado moyoni fimbo iko juu, anangoja nafasi tu.

Ona Daudi kule Siklagi, 1 Samweli 30. Mji umechomwa. Wake na watoto wamechukuliwa. Wamelia mpaka nguvu zimeisha, na watu wake wenyewe wanasema wampige mawe. Hiyo si kelele ya simu, hiyo ni dunia kuanguka. Lakini Daudi anajitia nguvu katika Bwana, anamwita kuhani Abiathari alete naivera, anauliza: niwafuate? Nitawapata? Kila dakika maadui wanaenda mbali, na yeye anasimama kuuliza. Hiyo ndiyo kutazama bendera.

4. Kisha rudi upige

Hapa wengine hupotea. Kurudi nyuma si kukimbia. Kanuni za gofu zinapendekeza mchezaji apige katika muda usiozidi sekunde 40 akiwa tayari na hakuna kinachomsumbua. Hajaalikwa kukaa pale mpaka jua litue. Mungu alimjibu Daudi aende, naye akaenda, akawarudisha wote, wakubwa na wadogo. Kuna mazungumzo umeyaahirisha miaka mitatu ukisema unaomba. Ndugu yangu, hapo hujarudi nyuma hatua mbili. Umeenda nyumbani.

Simu ya mama mdogo

Sasa niwaambie yangu. Miaka miwili iliyopita nilimpa mdogo wangu mtaji wa duka. Duka likaanguka. Jumamosi moja usiku, nikiwa na mahubiri ya kesho mbele yangu mezani, nilimwandikia maneno kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp. Mama alikuwa pale, shangazi walikuwa pale. Asubuhi nikaufuta ujumbe, lakini wote walikuwa wameusoma. Kisha nikaja kuwahubiria. Mdogo wangu hakujibu. Hajaja nyumbani Krismasi mbili. Hilo pigo lilihesabiwa.

Basi siku ile ya gofu, mama mdogo alikuwa anapiga kusema mama amelazwa. Jioni tukaanza kuchanga kwenye kikundi kile kile. Huyu elfu kumi, yule elfu tano. Mdogo wangu alisoma, akanyamaza. Saa nne, kimya. Saa tano nikaanza kuandika. Niliandika: wewe tangu lini ukasaidia mtu katika familia hii? Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma.

Nikakumbuka yule kijana. Mpira haukimbii.

Nikafuta. Nikaweka simu juu ya kabati jikoni, nikatoka nje. Sitawadanganya kwamba niliomba kwa nguvu. Nilisema tu, "Bwana, nimekasirika." Nikarudi kulala.

Kuna kitu kwa Abigaili ambacho nilikuwa nimekipita mara nyingi. Aliporudi nyumbani usiku ule alimkuta Nabali amelewa, na hakumwambia lolote, kubwa wala dogo, mpaka kulipopambazuka na pombe imemtoka. Mama huyu alikuwa ametoka kuokoa nyumba nzima, na bado alingoja asubuhi.

Asubuhi nikampigia mdogo wangu. Alishika simu mara ya tatu. Nikamuuliza tu, "Uko sawa?" Akanyamaza. Kisha akaniambia kwamba Januari alikuwa amemlipia mama SHA ya mwaka mzima, kimya kimya, na ndiyo iliyotumika hospitalini. Akabaki na shilingi 800. "Kaka, niliona aibu kuandika mia nane pale watu wanaandika elfu kumi."

Kanisa, mimi ndiye niliyemfundisha kuogopa kikundi hicho. Nilimwomba msamaha kwa ule ujumbe wa zamani. Hatujamaliza kujenga. Kama atakuja Krismasi, sijui. Mama yuko nyumbani sasa, anaendelea vizuri.

Kwa wale ambao tumeshapiga

Labda unasoma hii na mpira wako uko msituni tayari. Ulimwambia mke wako neno. Ulimfukuza mtoto. Uliweka sahihi. Katika gofu, kwa kawaida mpira unachezwa pale ulipolala. Hurudi kulia pale ulipopigia, na husingizii upepo. Unatembea mpaka pale ulipo, unainama kwenye majani, unaanza kutoka hapo. Damu ya Yesu inatosha kwa lililopita, lakini miguu ya kumfuata ndugu yako ni yako. Mathayo 5:23-24 inatutuma kwa ndugu kwanza, hata kama sadaka iko mkononi.

Kazi ya wiki

Chagua jambo moja ambalo fimbo yako iko juu sasa hivi. Usilimalize usiku. Lipeleke kwa Bwana, tafuta Abigaili mmoja anayekuambia ukweli, kisha mchana ulifanye, ama uliache kabisa. Na kama kuna mtu ulishampiga kwa maneno, mpigie simu kabla ya Jumapili. Usiandike. Piga.

Ombi

Baba, katika jina la Yesu, tusamehe tulipopiga tukiwa na hasira. Tupe masikio ya kusikia unapotuma mtu kutuzuia njiani. Tupe ujasiri wa kurudi nyuma mbele ya watu, na ujasiri wa kurudi tena tukishakusikia. Ponya familia ambazo zimenyamaziana. Ameni.