Angekuwa Mama Yangu



Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka wa Mpondwe. Mtoto wa miaka 5, aliyetoka Kongo na familia yake, alifikishwa Hospitali ya Bwera, wilayani Kasese, akafariki. Mdogo wake wa miaka 3 na bibi yao nao wakafariki.

Hapa chuoni kila mmoja wetu anaweza kueleza kirusi ni nini. Lakini najiuliza: angekuwa mama yangu, nikazuiwa kumwosha, ningekubali? Majimaji ya maiti wa Ebola bado yanaambukiza, na mapenzi ya mwoshaji hayamkingi.

Wapo watakaosema kuacha josho ni kuiuza dini. Sikubaliani nao. Maji yakidhuru, sheria yetu inatuhamishia kwenye tayamamu. Hata hiyo isipowezekana, dharura ina hukumu yake. Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia nchi yenye tauni na kuikimbia. Sayyidna Umar (r.a.) aligeuza msafara wake alipopata habari za tauni ya Sham.

Basi kuijua sayansi si kukariri ya mtihani. Ni kuukubali ushahidi hata pale unapokuumiza. Na jamii haiwezi kufika hapo kwa amri tu: daktari aeleze sababu, imamu aifafanue msikitini, watu waulize na wajibiwe. Mwaka ule waliokutana na wagonjwa walichanjwa na kufuatiliwa kwa siku 21, na ugonjwa haukuenea Kasese.

Sisi tuliosoma, tumeshawaeleza wazee wetu nyumbani?