Nzige na Kiwavi wa Hariri

Msomaji, ukiulizwa yupi kati ya nzige na kiwavi wa hariri ndiye mdudu mwema, hutakawia kujibu. Utamlaani wa kwanza na kumsifu wa pili. Nakuomba uuzuie ulimi kidogo, maana wote wawili hula majani, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza majani hayo ni ya nani.

Nzige twamjua kwa uchungu. Mwisho wa Desemba 2019 makundi yake yaliingia kaskazini mashariki mwa Kenya, na nchi ilikuwa haijaona uvamizi kama ule kwa miaka 70. Watu walipiga madebe na kupaza sauti mashambani. Kundi linaloenea kilomita moja ya mraba laweza kuwa na nzige milioni 40, nao kwa siku moja hula chakula cha kuwatosha watu 35,000. Lakini nzige huyu huyu wa jangwani, akiwa peke yake, ni mdudu mpole anayewaepuka wenziwe. Mvua ikinyesha, huzaana; nchi ikikauka, husongamana penye majani machache yaliyobaki. Hapo miguu yao ya nyuma huguswaguswa, na kwa muda wa saa chache tu tabia yao hugeuka; baadaye hata rangi hubadilika. Je, lawama tumpe nzige, au msongamano uliomgeuza? Mimi namchukia kama mkulima ye yote, ila sidai kwamba chuki yangu ni haki.

Kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi kwa karibu mwezi mmoja, kisha hujisokotea kifuko kwa uzi mmoja unaoweza kufika mita 900. Amefugwa tangu China ya kale kwa maelfu ya miaka, hata nondo wake hawezi tena kuruka. Twamwita rafiki. Basi tazama malipo ya urafiki huo: ili uzi usikatike, kifuko hutiwa katika mvuke au maji ya moto, na mwenyewe angali ndani.

Nilipofundisha somo hili, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, kumbe mwema ni yule anayetufaa?" Nilimjibu upesi kwamba wadudu hawana wema wala ubaya. Jibu lilikuwa sahihi, lakini yeye hakuwa akiuliza juu ya wadudu. Jioni ile nilikuwa nikijaza taarifa za mwisho wa muhula. Nikaona kwamba neno "mwema" nilikuwa nimewaandikia wale wanibebeao madaftari na kunifutia ubao. Yeye nilikuwa nimemwandikia "msumbufu".