Je, Mtoto Ni Akiba ya Uzee?

Nchini Rwanda kuna watu wengi wanaoitwa Harerimana. Jina hili lina maana kwamba anayelea ni Mungu. Waswahili nao husema kila mtoto huja na riziki yake. Misemo hii imetoka katika lugha mbili, lakini fundisho lake ni moja: mzazi asiogope idadi ya watoto. Katika insha hii nitajadili kama fundisho hilo bado lina nguvu wakati huu ambapo vifo vya watoto vimepungua, na kama ni haki kumzaa mtoto ili aje kututunza uzeeni.

Kwanza tutazame hali ilivyobadilika. Mwaka 2000, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Rwanda, karibu 200 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa mwaka 2019-2020 ulionyesha vifo 45. Chanjo, vyandarua, bima ya afya ya mituweli na wahudumu wa afya wa vijijini vimechangia sana mabadiliko hayo. Uzazi nao umepungua, ila kwa mwendo wa polepole zaidi. Mwaka 2005 wastani ulikuwa watoto 6.1 kwa kila mwanamke; sensa ya mwaka 2022 ilionyesha 3.6.

Kutokana na takwimu hizi, wapo wanaosema kwamba bibi zetu walizaa sana kwa sababu ya ujinga. Mimi sikubaliani nao. Mama aliyejua kwamba mtoto mmoja kati ya watano huenda akafa, tena asiye na pensheni wala akaunti ya benki, alifanya hesabu sahihi. Watoto wengi walikuwa mikono ya kulima, wachungaji wa ng'ombe na fimbo ya uzee. Kifo ndicho kilichompangia idadi. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu kimaadili kwa kujikinga na hatari aliyoiona kwa macho yake.

Tatizo ni kwamba hatari hiyo ilipopungua, desturi ilibaki nyuma. Katika pengo hilo ndimo ardhi ilimomegeka. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu milioni 4.8, ile ya 2022 ilihesabu milioni 13.2, yaani watu 503 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba lililomtosha babu hugawanywa kwa wanawe, kisha kwa wajukuu, hadi mtu anarithi vipande vya mtaro wa mlimani visivyomlisha. Tangu mwaka 1999 sheria inawapa mabinti haki ya kurithi sawa na ndugu zao wa kiume. Sheria hiyo ni ya haki, nayo imetuonyesha wazi kwamba hesabu ya zamani ilikuwa ikiwaacha nje nusu ya watoto.

Je, serikali iamue idadi? China ilijaribu njia hiyo. Iliwawekea wananchi wengi kikomo cha mtoto mmoja, ikatangaza mwisho wa sera hiyo mwaka 2015, na mwaka 2021 ikaruhusu watoto watatu. Hata hivyo vizazi viliendelea kupungua, na mwaka 2022 idadi ya watu wake ilianza kushuka. Amri iliumiza familia nyingi, na kuiondoa hakukurudisha hamu ya kuzaa. Uamuzi huu ni wa wazazi, hasa wa mama anayebeba mimba.

Swali gumu zaidi linabaki: watoto wakiwa wawili tu, nani atamtunza mzee? Hapa Rwanda tunalo jibu lililopatikana kwa uchungu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, walibaki wazee waliopoteza watoto wao wote. Leo wanaitwa Intwaza, na baadhi yao wanatunzwa katika nyumba za Impinganzima, kwa mfano Huye na Bugesera. Wazee hawa walizaa, wakalea, na akiba yao yote ikauawa. Kama mtoto angekuwa ndiye msingi pekee wa haki ya kutunzwa, wao wasingekuwa na haki yoyote. Lakini jamii ilikiri kwamba mzee anastahili matunzo kwa sababu ni mtu.

Nadhani hapo ndipo tunapopaswa kuanzia. Mpango wa Ejo Heza, ulioanzishwa mwaka 2018, unamwezesha hata mkulima asiye na mshahara kujiwekea akiba ya uzee. Haufuti wajibu wa mtoto, bali unabadilisha sura yake. Wengi wetu darasani hutuma nyumbani sehemu ya fedha ndogo tunazopata, na hatuoni vibaya kufanya hivyo. Ila kuna tofauti kati ya kutoa kwa shukrani na kulipa deni ambalo hukulikopa. Mara nyingi deni hilo humwangukia binti, anayeacha masomo ili awauguze wazee huku kaka yake akiendelea kusoma.

Kwa maoni yangu, mzazi ana haki ya kutumaini msaada wa mtoto, lakini si kumzaa kwa kusudi hilo. Tukitaka vijana wazae wachache, tuhakikishe kwanza kwamba mzee asiye na mtoto halali njaa. Bila hivyo, tutakuwa tunamwomba maskini atupe fimbo yake kabla hatujampa nyingine.