Shahidi wa Mgonjwa

Mnunuzi wa samaki hufunua mashavu, akatazama wekundu wa damu, akanusa, ndipo akatoa fedha. Mgonjwa hana hila hiyo. Afikapo kwa tabibu huwa hoi, na elimu ya kumpima tabibu ndiyo hasa asiyokuwa nayo. Kwa hivyo dola humsimamia kwa ushahidi: leseni iliyotundikwa ukutani ni kauli ya mtu asiyekuwapo, asemaye kuwa huyu amejaribiwa, mgonjwa na ajiweke mikononi mwake. Shahidi huyo akishuhudia asilolijua, dhima ni ya nani?

Swali hili ni kongwe. Al-Qifti, mwandishi wa karne ya 13, asimulia kuwa mwaka 319 Hijria, yaani 931 Miladia, mtu mmoja wa Baghdad alikufa kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu ila aliyejaribiwa na tabibu wake, Sinan bin Thabit. Wakajaribiwa zaidi ya 860. Walisamehewa waliokwisha kujulikana kwa umahiri wao, na pia waliokuwa katika utumishi wa mtawala.

Miongoni mwa waliofika alikuwamo mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan alimkalisha kwa heshima, hata walipobaki wawili mzee akaweka dinari mbele yake, akakiri kuwa hakusoma kitu, lakini ana watu wa kulisha na tiba ndiyo riziki yake. Sinan akacheka. Akamwachia, kwa sharti asimtibu mgonjwa kwa asilolijua, wala asitoe damu wala asinyweshe haluli ila kwa maradhi mepesi. Kesho yake akaja kijana. Alipoulizwa kasoma kwa nani, akamtaja mzee yule, naye ndiye babake. Akaruhusiwa kwa sharti lilelile.

Kisa hiki huchekesha, na huruma ya Sinan si ya kubezwa, maana nyumba ile ingelala njaa. Lakini aliyehurumia hakutoa chake. Waliotolewa ni wagonjwa wa mzee yule, nao hawakuwamo chumbani.

Tanzania Bara, sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Kilichoogopwa mwanzo ni tamaa, na hofu hiyo ina sababu yake: ale kwa homa, huenda asiipendelee ipone upesi. Ila tamaa ni jambo moja na ujinga ni jingine, na ujinga haubagui mwenye jengo. Serikali inayotoa leseni ndiyo pia mwenye hospitali nyingi kuliko wote, na hapo ule msamaha wa Baghdad kwa watumishi wa mtawala warudi kuuliza jibu. Mkaguzi aingiaye wodi ya serikali ataandika nini juu ya mwajiri wake, na akikuta chumba cha upasuaji hakina maji, ataufunga mlango kama ambavyo angeufunga wa mfanyabiashara? Mjamzito anayefikishwa usiku wa manane haulizi hospitali ni ya nani. Huuliza kama mkunga yupo.