Mali Bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Huku kwetu Likunja methali hii husikika zaidi msimu wa korosho, pale mkulima anaposhika stakabadhi yake na karani wa chama cha ushirika (AMCOS) anafungua kitabu, na hesabu zinakataa kulingana. Ndiyo maana wengi huichukulia kuwa ni wosia wa wafanyabiashara. Mimi, ninayemaliza kidato cha nne, naiona ni methali ya mwanafunzi kwanza. Kazi mradi za sayansi, hisabati na uandishi ndizo zilizonifikisha hapo.

Uzito wa methali hii uko kwenye nusu ya pili. Mali kupotea ni jambo la kila siku: mwizi huiba, panya hula, mvua hukatika kabla ya wakati. Kibaya zaidi ni kupotea bila habari, yaani mtu amepungukiwa na hata hajui kwamba amepungukiwa. Huyo hana cha kudai wala cha kurekebisha, na mwakani atarudi palepale.

Kwenye hisabati tulipima korosho. Tuliziokota mbichi, tukaziweka kwenye mzani, tukazianika juani na kuzipima tena kila jioni. Mwanzoni uzito ulishuka kwa kasi, kisha polepole, mpaka mstari wa grafu ukalala. Mbele ya grafu ile, ambapo kila upungufu ulionekana kwa sababu tuliupima na kuuandika, ndipo nilipoelewa kangomba inavyomnyonya mkulima. Mnunuzi huja miezi ya njaa, korosho zingali mtini, akatoa fedha kidogo. Msimu ukifika huchukua mzigo kwa bakuli au debe lake mwenyewe, si kwa mzani. Mkulima hana karatasi. Hata akihisi amepunjwa, hawezi kusema amepunjwa kilo ngapi, na dai lisilo na kiasi hugeuka manung'uniko tu. Stakabadhi ghalani, iliyoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, ina malalamiko yake, hasa malipo kuchelewa. Lakini inampa mkulima karatasi yenye kilo zake, na mwenye karatasi ana pa kuanzia kuuliza.

Katika sayansi, mali ni kile ulichokiona. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akihofia kukosa nafasi kwenye friza, aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka, Osborne akaenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha maelezo yao katika jarida la Physics Education.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba wauza aiskrimu wa Tanga walikwishaijua mbinu hiyo, na walikuwa wakiitumia kazini. Ujuzi wao uliishia mikononi mwao. Wa Mpemba ulipata vipimo na maandishi, na leo dunia nzima unaitwa kwa jina lake. Tena unapingwa: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliorudia vipimo walisema hawakupata ushahidi wa kutosha. Sioni kwamba wamempunguzia kitu. Kauli iliyoandikwa kwa nyuzi joto na dakika inampa mpinzani mahali pa kushika, nami naliona hilo ni heshima kubwa kwa kijana wa sekondari.

Somo la kuandika ndilo linalodharauliwa. Kwa insha ya kazi mradi yake nilimhoji babu kuhusu mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Alikuwa mtoto, anakumbuka matrekta yaking'oa visiki Nachingwea, na reli iliyotoka pwani, ikaja kung'olewa miaka ya 1960. Mtu anaweza kusema mradi ule unaikanusha methali. Walikuwa na madaftari manene, wakalenga zaidi ya ekari milioni 3, na mwaka 1951 Serikali yao ikauacha baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Ni kweli, daftari halizuii upumbavu. Lakini hasara ile haikupotea bila habari. Inajulikana, imejadiliwa bungeni kwao, na waliohusika waliulizwa. Upande wetu ndio wenye hesabu chache: nani alifyekewa shamba, kibarua alirudi nyumbani na nini. Babu anataja watu na vijiji vyao moja kwa moja, bila kusita, na sehemu kubwa ya hayo sijawahi kuiona kwenye kitabu chochote cha historia nilichosoma.

Mwalimu amekwishasahihisha insha ile na kunipa alama zangu. Daftari la mahojiano sijalifunga: babu amenitajia wazee wa Nachingwea ambao baba zao walitandika ile reli, na likizo ijayo nitaanza na hao.