Kabla ya Kusema Ni Kudra

Kompyuta ya Linux inapogoma kuwaka, kauli mbili huja upesi mdomoni: imekufa, na ni kudra ya Mungu. Ya kwanza ni hukumu juu ya chombo, ya pili ni tamko la imani, lakini mara nyingi zote mbili huzima uchunguzi kabla haujaanza. Je, kutafuta chanzo kunapunguza imani? Naona hakupunguzi, na ushahidi uko kwenye skrini yenyewe. Mashine haiwaki kwa mkupuo mmoja. Programu ya kwenye ubao huiamsha GRUB, GRUB hupakia kerneli, yaani kiini cha mfumo, kerneli huitafuta diski yenye mfumo, kisha programu ya systemd huanzisha huduma zilizobaki. Ilipokwama ndipo pa kuanzia. Chukua kisa kinachowapata wengi: diski ya nje imeandikwa katika faili la /etc/fstab, ambalo huiambia mashine diski za kuunganisha inapowaka, kisha mwenyewe akaichomoa akaenda nayo. Akija kuwasha, mashine inaingoja sekunde 90, haioni kitu, inaingia hali ya dharura na kudai nywila ya msimamizi. Yeye anaona maiti, kumbe chombo kinatii agizo lake. Atie alama ya # mwanzoni mwa mstari ule, awashe tena. Ikiwaka, chanzo kimejulikana. Isipowaka, dhana moja imeondoka.

Atasema mtu kwamba mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikana kuwa moto lazima uunguze pamba: Mungu ndiye aunguzaye, nasi tumezoea tu kuona mambo hayo yakifuatana. Ni kweli, ila fundi hahitaji zaidi ya mazoea hayo. Tena Ghazali huyohuyo, katika kitabu chake cha Ihya, alisema ni wazimu mwenye njaa kutonyoosha mkono kwenye chakula akidai ametawakali, na hakuona kwamba kutumia dawa kunavunja tawakali. Anayeamini kuwa Mungu ameweka utaratibu ana sababu kubwa zaidi ya kuusoma.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye haraka: futa kila kitu, weka mfumo mpya, kazi iendelee. Kama mafaili yana nakala, sibishani naye. Lakini ikiwa diski ndiyo inayoharibika, mfumo mpya utaufuata ule wa zamani. Na vipo vitu visivyowekwa upya, kama bahari. Huko Kuruwitu, pwani ya Kilifi, samaki walipopungua, sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi na zote zilikuwa na uzito: uvuvi wa kupita kiasi, ukusanyaji wa samaki wa mapambo, joto la mwaka 1998 lililopausha matumbawe. Wanakijiji wangeweza kusema bahari imekufa. Badala yake waliunda chama chao mwaka 2003, na mwaka 2005 wakafunga kipande cha bahari cha hekta 30 hivi, pasivuliwe kabisa. Joto la maji hawakuliweza. Mkono wa mvuvi waliuweza, wakauondoa. Samaki wakarudi.

Hata hivyo mwamba wa matumbawe si mashine. Fundi huwasha na kuzima mara nyingi kwa siku moja, ilhali mwamba hujibu baada ya miaka na hauandiki popote makosa yake. Kwa hiyo kurudi kwa samaki kunaonyesha kuwa uvuvi ulikuwa chanzo kimojawapo, si kwamba ulikuwa peke yake. Kufunga eneo hakupozi maji wala hakuungi tumbawe lililovunjika, na ndiyo maana baadaye kazi ya kuotesha na kupandikiza matumbawe ilianza palepale, kipande kwa kipande.